Muda kama Mpaka: Historia ya Kungoja Ukaazi wa Kudumu kwa Njia ya Ajira Nchini Marekani, 1885–2024

1. Utangulizi

Anayeuliza ni muda gani unaohitajika ili mfanyakazi mgeni apate ukaazi wa kudumu wa Marekani kwa njia ya ajira kwa kawaida hutarajia kutajiwa idadi ya miezi au miaka. Jibu moja la namna hiyo halipo. Katika taarifa ya viza ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ya mwezi wa Oktoba 2024, mwombaji wa daraja la tatu la ajira aliyezaliwa India aliweza kupewa nafasi ikiwa tu tarehe yake ya kipaumbele ilitangulia tarehe 1 Novemba 2012. Mwombaji wa daraja hilohilo aliyezaliwa Kenya, Tanzania au Uganda alitakiwa kuwa na tarehe iliyotangulia 15 Novemba 2022. Watu hao wawili waweza kuwa wauguzi waliofaulu mtihani uleule na wanaotafutwa na hospitali ileile. Kinachowatenganisha ni miaka kumi, na miaka hiyo haitokani na elimu, ujuzi wala mwenendo wao, bali inatokana na mahali walipozaliwa.

Insha hii inachunguza namna tofauti hiyo ilivyojengeka kihistoria. Hoja yake ya msingi ni kwamba urefu wa kungoja hauwezi kuelezwa kikamilifu kwa uzembe wa watumishi wa umma au wingi wa makaratasi. Sheria za mwaka 1965 na 1990 ziliondoa ubaguzi wa wazi wa mataifa zikaweka mahali pake usawa wa nchi: kila nchi, kubwa au ndogo, ilipewa ukomo uleule. Usawa wa nchi ulipokutana na soko la ajira lisilojali ukubwa wa nchi, ulizaa kukosekana kwa usawa baina ya watu, na kipimo cha hali hiyo kikawa muda. Mpaka ambao zamani uliwekwa kwa kukataa, sasa unawekwa kwa kuchelewesha.

2. Kutoka kazi iliyo kosa hadi kazi iliyo sifa, 1885–1952

Msomaji wa leo anaweza kudhani kwamba ahadi ya kazi daima imekuwa ufunguo wa kuingia Marekani. Historia inaonyesha kinyume chake. Sheria ya mwaka 1885 kuhusu kazi za mkataba ilipiga marufuku kuwaleta wageni waliokwisha kuahidiwa ajira, isipokuwa makundi machache kama vile waigizaji, waimbaji na watumishi wa nyumbani. Vyama vya wafanyakazi viliunga mkono sheria hiyo kwa hofu kwamba waajiri wangewatumia wageni wa mkataba kushusha ujira na kuvunja migomo. Kwa hiyo mhamiaji aliyeshuka bandarini na kusema kwamba tayari ana kazi inayomngoja alijiweka katika hatari ya kurudishwa.

Sheria ya mwaka 1924 ilihamisha uzito kutoka kwa mtu hadi kwa taifa lake. Mgao wa kila nchi ulikokotolewa kwa asilimia 2 ya wazaliwa wake waliohesabiwa Marekani katika sensa ya 1890, na hakuna mgao uliokuwa chini ya watu 100. Kanuni ilipobadilishwa mwaka 1929, Uingereza na Ireland ya Kaskazini zilipewa nafasi 65,721 kwa mwaka, ilhali Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Uingereza, ilibaki na mgao wa chini kabisa wa 100. Katika mfumo huo swali la muda halikuwa na uzito mkubwa kama swali la asili. Walio wengi duniani hawakuambiwa wangoje, bali waliambiwa kwamba nafasi hazipo.

Sheria ya uhamiaji na uraia ya mwaka 1952 ilifuta katazo la kazi za mkataba na kutenga nusu ya kila mgao kwa watu wenye elimu ya juu, mafunzo ya kiufundi au vipaji maalumu vilivyohitajika kwa haraka. Hapo ndipo ajira ilipogeuka kutoka kosa na kuwa sifa. Hata hivyo sifa hiyo ilifungiwa ndani ya migao ya mataifa. Koloni kama Kenya lilihesabiwa ndani ya mgao wa Uingereza kwa ukomo wa watu 100 kwa mwaka. Daktari au mhandisi wa Nairobi angeweza kuwa na sifa zote zilizotajwa na sheria, na bado akakuta mlango mwembamba kuliko ule wa mwenzake wa London.

3. Usawa wa nchi: sheria ya 1965 na ile ya 1990

Tarehe 3 Oktoba 1965, Rais Lyndon Johnson alitia saini, chini ya Sanamu ya Uhuru jijini New York, sheria iliyofuta migao ya asili ya taifa. Nchi zote za Nusudunia ya Mashariki ziliwekewa ukomo mmoja wa watu 20,000 kwa mwaka ndani ya jumla ya 170,000. Daraja la tatu lilitengewa wataalamu na wenye vipaji vya pekee, na la sita wafanyakazi wa fani zenye upungufu, kila moja likipewa asilimia 10. Sheria hiyo pia ilimtaka Waziri wa Kazi athibitishe, kabla ya mgeni kupokelewa, kwamba hakuna Wamarekani wa kutosha wenye uwezo na utayari wa kufanya kazi inayohusika, na kwamba ujira na mazingira ya kazi ya wenyeji hayataathirika.

Masharti hayo mawili, yaani ukomo sawa kwa kila nchi na uthibitisho wa Wizara ya Kazi, ndiyo mihimili ya mfumo uliopo hadi leo. La kwanza lilichukuliwa kuwa ushindi wa haki, na kwa wakati wake lilikuwa hivyo. Tanzania huru ilipata kwa mara ya kwanza ukomo uleule wa Uingereza. Lakini mwanahistoria hana budi kuangalia upande wa pili. Mwaka 1976 ukomo wa 20,000 ulipanuliwa hadi nchi za Nusudunia ya Magharibi, na Meksiko, jirani yenye historia ndefu ya kupeleka vibarua, ikawekwa katika kipimo kimoja na visiwa vidogo. Mae Ngai, katika kitabu chake Impossible Subjects cha mwaka 2004, ameonyesha jinsi vizuizi vya kisheria vyenyewe vilivyozalisha kundi la wahamiaji wasio na hati. Insha hii inaongeza kwamba vizuizi hivyohivyo vilizalisha pia kundi lingine lisilotajwa sana: wahamiaji wenye hati wasiofika mwisho wa safari.

Sheria ya mwaka 1990, iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush tarehe 29 Novemba mwaka huo, ilipandisha nafasi za ajira kutoka 54,000 hadi 140,000 kwa mwaka na kuzigawa katika madaraja matano. Madaraja matatu ya mwanzo yalipewa asilimia 28.6 kila moja, na mawili ya mwisho asilimia 7.1 kila moja. Hakuna nchi iliyoruhusiwa kuzidi asilimia 7 ya jumla. Aidha, mwenzi na watoto wa mfanyakazi walihesabiwa ndani ya nafasi hizohizo, kiasi kwamba familia ya watu wanne hula nafasi nne. Kwa hesabu ya kawaida, asilimia 7 ya 140,000 ni 9,800, na sehemu ya daraja moja kati ya matatu ya mwanzo ni takriban 2,800 kwa nchi moja, ukiacha nafasi za ziada zinazosalia wengine wasipozitumia. Kwa Burundi, 2,800 ni nafasi zisizojaa. Kwa India, ni tone.

4. Milango miwili isiyolingana

Kasoro kubwa ya sheria ya 1990 haikuwa ukomo peke yake, bali kutolingana kwa milango miwili. Sheria hiyohiyo iliunda viza ya muda ya wataalamu iitwayo H-1B, yenye ukomo wa 65,000 kwa mwaka lakini isiyo na ukomo wa nchi. Iliruhusu pia mwenye viza hiyo kuwa na nia ya kuhamia moja kwa moja bila kupoteza hadhi yake ya muda. Mlango wa kuingilia ukafuata mahitaji ya waajiri. Mlango wa kubakia ukafuata ramani ya mataifa.

Miaka ya mwisho ya karne ya 20 iliongeza pengo. Kampuni za kompyuta zilipohitaji wataalamu wengi, Bunge lilipandisha ukomo wa H-1B hadi 115,000 kwa miaka ya fedha 1999 na 2000, kisha hadi 195,000 kwa miaka 2001 hadi 2003. Nafasi 140,000 za ukaazi hazikuongezwa kwa kiwango hicho. Sheria ya Oktoba 2000 ilitambua tatizo hilo, lakini tiba yake kuu ilikuwa kurefusha subira. Mwenye H-1B, ambaye kwa kawaida alipaswa kuondoka baada ya miaka sita, aliruhusiwa kuongezewa muda ilimradi hatua za ukaazi wake zimekwisha kuanza. Ombi lake la mwisho likikaa siku 180 bila uamuzi, aliweza kuhamia kazi nyingine ya aina hiyo. Sheria hiyo ilizuia watu kufukuzwa wakiwa kwenye foleni, lakini pia iliiwezesha foleni kurefuka bila kikomo, kwa kuwa serikali haikulazimika tena kuchagua kati ya kuwapa ukaazi na kuwaondoa.

Ili kuelewa muda wa kungoja, ni lazima kutenganisha saa tatu zinazohesabu kwa wakati tofauti. Ya kwanza ni ya Wizara ya Kazi: kuweka kiwango cha ujira, kutangaza nafasi na kuthibitisha upungufu wa wenyeji. Kabla ya mwaka 2005 maombi hayo yalipitia ofisi za majimbo, na malimbikizo ya zaidi ya maombi 300,000 yalihamishiwa vituo viwili, Dallas na Philadelphia. Mfumo wa kielektroniki ulioanza tarehe 28 Machi 2005 ulikusudiwa kumaliza ucheleweshaji huo, ingawa kufikia 2024 hatua hii ilikuwa tena inachukua zaidi ya mwaka mmoja. Saa ya pili ni ya idara ya uhamiaji, inayopima iwapo mwajiri ana uwezo wa kulipa na mfanyakazi ana sifa. Hapa mwajiri anaweza kulipa ada ya ziada ili ajibiwe baada ya siku chache za kazi. Saa ya tatu ni ya nafasi yenyewe, nayo haiharakishwi kwa ada yoyote. Hii ndiyo inayotawaliwa na tarehe ya kipaumbele, ambayo kwa kawaida ni siku ambayo ombi la uthibitisho lilipokelewa. Mijadala mingi kuhusu uzembe wa ofisi huzungumzia saa mbili za mwanzo, ilhali umri wa watu huliwa na hii ya tatu.

5. Julai 2007: foleni inapojitambua

Tukio la Julai 2007 lina nafasi ya pekee katika historia hii kwa sababu liliwafanya wanaongoja wajione kuwa kundi moja. Katikati ya Juni, taarifa ya viza ilitangaza kwamba karibu madaraja yote ya ajira yangekuwa wazi kwa nchi zote kuanzia Julai. Watu walikatisha safari, wakapima afya kwa haraka na kuwalipa mawakili. Tarehe 2 Julai tangazo liligeuzwa: nafasi zote za mwaka huo zilikuwa zimekwisha, na maombi mapya yasingepokelewa.

Jibu la wahamiaji, wengi wao wazaliwa wa India, halikuwa vurugu. Walituma mamia ya mashada ya maua kwa mkurugenzi wa idara ya uhamiaji, wakifuata mfano wa upole wa Gandhi. Maua hayo yalielekezwa kwa askari majeruhi katika hospitali. Tarehe 17 Julai uamuzi ulibatilishwa na maombi yakapokelewa hadi 17 Agosti. Takriban maombi 300,000 yaliwasilishwa. Waliofaulu kuyawasilisha hawakupata ukaazi papo hapo. Walipata kibali cha kazi na uhuru wa kubadili mwajiri wakati wakiendelea kungoja. Waliochelewa kwa siku moja walikosa hata hayo kwa miaka mingi. Tukio hilo linaonyesha kwamba ndani ya foleni kuna madaraja ya kungoja, na kwamba kungoja ukiwa na kibali ni jambo tofauti kabisa na kungoja chini ya mwajiri mmoja.

6. Mahali pa kuzaliwa na Afrika Mashariki

Kanuni ya kumhesabia mwombaji nchi ndiyo inayounganisha historia hii na Afrika Mashariki kwa namna isiyotarajiwa. Sheria huangalia nchi ya kuzaliwa, si ya uraia. Raia wa Tanzania aliyezaliwa Gujarat na kuletwa Dar es Salaam akiwa mtoto mchanga huhesabiwa India, hata kama hakumbuki chochote cha huko. Raia wa India aliyezaliwa Mombasa huhesabiwa Kenya na kuitangulia foleni ya ndugu zake kwa miaka. Sheria inaruhusu pia mwombaji kuhesabiwa nchi aliyozaliwa mwenzi wake, hivyo mhandisi wa Bangalore aliyeoa binti aliyezaliwa Nairobi aweza kupumua kwa cheti cha kuzaliwa cha mkewe. Katika jamii ambazo kwa vizazi vingi zimevuka Bahari ya Hindi, watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa katika foleni zinazopishana kwa muongo mzima.

Kwa wauguzi wa Afrika Mashariki, mfumo huu umekuwa na sura mbili. Fani ya uuguzi imo katika orodha ya kazi ambazo upungufu wake umekwisha kutambuliwa na Wizara ya Kazi, hivyo mwajiri hahitaji kupima soko upya. Kwa kuwa nchi zao hazifikii ukomo, wauguzi hao huingia katika foleni ya jumla ya nchi nyingine, ambayo kwa vipindi kadhaa ilikuwa wazi kabisa. Lakini foleni hiyo nayo ilirudi nyuma, na muuguzi aliyedhani kwamba angesafiri baada ya miezi michache akajikuta akingoja takriban miaka miwili kama tarehe za Oktoba 2024 zinavyoonyesha.

Hapa ndipo linapotokea swali gumu la haki. Tarehe 10 Julai 2019, Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 365 dhidi ya 65 muswada wa kuondoa ukomo wa nchi katika nafasi za ajira. Seneti ilipitisha toleo lake Desemba 2020, lakini matoleo hayo mawili hayakuwahi kupatanishwa. Watetezi walisema kwamba mtu asiadhibiwe kwa mahali alipozaliwa. Wapinzani walijibu kwamba, bila kuongeza nafasi, muswada ungehamisha tu mateso: foleni ya India ingepungua na wauguzi wa Ufilipino, Nigeria au Kenya wangeanza kungoja kwa muda mrefu zaidi. Hoja zote mbili ni za kweli. Hilo lenyewe ni ushahidi kwamba ukomo wa 140,000, uliowekwa mwaka 1990, umewageuza wenye haki sawa kuwa washindani.

7. Gharama ya subira

Utafiti wa kitengo cha utafiti cha Bunge la Marekani wa mwaka 2020 ulikadiria kwamba zaidi ya watu 900,000, wakiwemo wenzi na watoto, walikuwa katika malimbikizo ya madaraja matatu ya mwanzo. Ulikadiria pia kwamba mzaliwa wa India aliyejiunga na daraja la pili mwaka huo angengoja miaka 195. Takwimu hiyo haielezi tena muda wa utawala, kwani hakuna binadamu aishiye kiasi hicho. Inaeleza kukataliwa kulikovaa joho la ahadi.

Waathirika wakubwa ni watoto. Mtoto anayetimiza miaka 21 hupoteza haki ya kumfuata mzazi. Sheria ya kulinda hadhi ya watoto ya mwaka 2002 inaruhusu kupunguza katika umri wake siku ambazo ombi la mwajiri lilikuwa mezani, lakini haipunguzi miaka ya kungoja nafasi. Kwa hiyo mtoto aliyeletwa akiwa na miaka mitano na kusomea huko shule zote anaweza kutakiwa kutafuta viza ya mwanafunzi au kuondoka, hali wazazi wake wamebaki kwenye foleni. Wenzi nao walizuiwa kufanya kazi hadi Mei 2015, kanuni mpya iliporuhusu baadhi yao kupata vibali.

Hata nafasi zenyewe zimepotea mbele ya macho ya wanaongoja. Balozi zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, nafasi za familia zisizotumika zilihamia kwenye ajira, na ukomo wa mwaka wa fedha 2021 ukafikia takriban 262,000. Mwaka huo ulipokwisha tarehe 30 Septemba, zaidi ya nafasi 60,000 zilikuwa hazijatumika, na kwa mujibu wa sheria zikafutika.

8. Hitimisho

Wahenga walisema subira huvuta heri, na wakasema pia kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Historia iliyochunguzwa hapa inaonyesha kwamba sheria ya Marekani imeishi kati ya methali hizo mbili, ikiwaahidi wengine ya kwanza na kuwapa wengine ya pili. Kutoka 1885, ahadi ya kazi ilipokuwa kosa, hadi 1990, ilipokuwa sifa yenye madaraja, swali la nani anayeruhusiwa kubaki halikufutwa. Lilihamishwa kutoka kwenye orodha ya mataifa hadi kwenye kalenda.

Matokeo haya yana maana mbili kwa watafiti. Kwanza, wastani wa muda wa kungoja ni kipimo kinachopotosha kisipochambuliwa kwa nchi ya kuzaliwa na kwa daraja, kwa kuwa kinachanganya watu wanaongoja miezi na watu watakaokufa wakingoja. Pili, historia ya uhamiaji wa wasomi na wauguzi kutoka Afrika Mashariki haiwezi kuandikwa kwa kuhesabu waliofika tu. Wapo walioiacha ajira nyumbani baada ya kupata barua ya mwajiri, wakaahirisha ndoa au ujenzi, na kuipanga miaka yao kwa tarehe inayotangazwa kila mwezi katika mji wa mbali. Wao pia ni sehemu ya uhamiaji huo, ingawa bado hawajavuka mpaka wowote.